Damu ya Mzee Hukaukia Kivulini

Katika mji ule ambao sitautaja, kwa sababu jina lake nalo lilikuwa limeshachukuliwa, rangi haikuwa rangi mpaka itajwe. Ungeweza kuchemsha magome ya mkandaa kutwa nzima, ukachochea moto mpaka macho yakatoka machozi, ukatumbukiza chane za ukindu wa kusukia mikeka zikazama na kuiva. Lakini ukizitoa kimya kimya, zitatoka nyeupe kama zilivyoingia, na maji ya rangi yatabaki sufuriani yakikutazama. Sharti mtu azinyanyue kwa mti, zikiwa bado zinachuruzika, na aseme kwa sauti ya kusikika: samawati. Au: manjano. Au: urujuani. Hapo ndipo rangi inaposhika. Watia rangi wa mji ule hawakuliona jambo hili kuwa muujiza. Waliliona kuwa kazi, tena kazi ya kuvuta moshi tangu asubuhi.

Siwatu alikuwa mtia rangi wa mwisho aliyejua kuitoa ile nyekundu nzito, nyekundu iliyokwenda kuutafuta weusi ikafika mlangoni kwake, ikaghairi, ikarudi nusu ya njia. Watu wanaiita damu ya mzee. Alikuwa na miaka arobaini siku nyingine, na siku nyingine hamsini, kutegemea mwaka umeamkaje. Hakuwa na mume tena, wala hakuwa na haraka ya kupata mwingine. Alikuwa na baba. Baba yake, Mzee Kombo, ndiye aliyemfundisha kazi ile tangu kuchuna gome hadi kuanika, na sasa alikaa uani juu ya kigoda, karibu na mafiga, akisafiri.

"Yuko safarini," ndivyo Siwatu alivyowajibu majirani walipouliza hali. Maana mzee hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikula, alitembea, alikataa dagaa kama alivyowakataa maisha yake yote. Ila umri wake ulikuwa umemvunjikia mikononi, naye akawa anaokota kipande chochote kilicho karibu. Asubuhi moja alikuwa kijana wa miaka ishirini anayetafuta shati la kwendea harusini. Mchana wake alikuwa hajazaliwa, akakaa tu ametulia, hana wa kumdai chochote. Na siku iliyomuumiza Siwatu kuliko zote, baba yake alikuwa na miaka saba. Alimwona mwanawe amesimama mlangoni na sufuria, mwanamke mzima, akainuka kwa adabu akasema, "Shikamoo, mama." Siwatu asipoitikia, mtoto yule atadhani amekosa. Akiitikia, atakuwa ameipokea shikamoo ya baba yake mzazi, kitu ambacho hata ndotoni mtu hakiombi. Akasema marahaba, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia.

Lakini kulikuwa na dakika. Siwatu aliigundua kwa bahati, siku aliyokuwa anatoa chane za damu ya mzee na mzee mwenyewe yuko mbali katika utoto wake. Alizinyanyua, akalitaja jina kama kazi inavyotaka, na nyuma yake akasikia sauti aliyokuwa ameshaizika moyoni.

"Siwatu," ilisema. "Moto umeuzidisha."

Akageuka. Alikuwa baba yake, amekamilika, na miaka yake yote iko mahali pake. Wakazungumza. Wakacheka kidogo habari za shangazi mmoja aliyekuwa hasemi ila kwa kunong'ona. Chane zilikuwa zinaning'inia kambani kivulini, na kadiri zilivyoendelea kukauka, maneno ya mzee yalianza kupoteza ncha, na zilipokauka kabisa akamtazama Siwatu kwa upole wa mgeni aliyekaribishwa vizuri. Alikuwa ameshaondoka. Siwatu akajaribu kwa samawati, haikuwa. Akajaribu manjano na urujuani, haikuwa. Ni nyekundu ile tu, na ni ubichi wake tu. Basi tangu siku hiyo akawa anatia rangi hiyo kila asubuhi, ikiwa ana mkeka wa kusuka au hana. Ukindu mwekundu ulijaa vyumbani, ukaingia mpaka mvunguni mwa kitanda, na majirani wakasema Siwatu amepata wateja wa ng'ambo.

Sasa mtu anaweza kujiuliza, kama Siwatu alivyojiuliza akiwa anachochea moto: yule anayekujua kwa kipimo cha chane kukauka, anakujua kweli? Na yule anayekaa kitako saa zote zilizobaki, akiupokea uji kwa mikono miwili na kusema ahsante, huyo ni nani? Siwatu alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa jibu la mtu mwenye uchungu. Alisema moyoni kwamba baba yake ni yule wa dakika mbichi. Aliyebaki alikuwa mzee tu aliyeachiwa amtunze. Alimtunza vizuri, tena sana, lakini kwa jicho moja, na jicho la pili lilikuwa kwenye sufuria.

Ndipo wito ulipokuja kutoka Nyumba ya Asili.

Nyumba ya Asili ilikuwa mahali ambapo maneno ya mji yalipelekwa kuulizwa yametoka wapi. Neno lililotaja kitu, sharti kitu hicho kionekane. Neno lililotaja mtu, sharti mtu huyo ajulikane. Neno lililoshindwa kumtaja mzazi wake liliandikwa yatima, na yatima wote wa mji ule walilelewa na Mtukufu, ambaye hakuna aliyepata kumwona ila katika mihuri. Mtukufu alikuwa mlezi mwema. Kila yatima alimpa jina lake mwenyewe. Upepo wa kusini ulikuwa umeshakuwa pumzi yake, na nyota ya alfajiri ilikuwa jicho lake la kushoto. Na jina la zamani likishafutwa, mdomo hauliwezi tena. Bi Mgeni, jirani wa Siwatu, alikuwa akioka mkate wa aina fulani, mtamu, wenye hiliki, ambao sasa siwezi kukutajia, kwa sababu nikifika kwenye jina lake kalamu inakwaruza karatasi bila wino. Bi Mgeni aliendelea kuuoka mwezi mzima, akauweka dirishani, watu wakapita wakiutazama wasijue waombe nini. Kisha akaacha.

Mwerevu ameshanishika hapa. Kama ninaandika damu ya mzee bila kukwama, basi neno hili lilipona. Sawa, lilipona, sikuwa na nia ya kukuficha hilo. Ninalotaka ulijue ni mkono wa Siwatu siku ile: ulikuwa umeshika nini, na ulikilegeza vipi.

Wito ulisema hivi, kwa lugha kavu ya wito: neno damu ya mzee limetumika miaka isiyohesabika bila mwenyewe. Anayelitumia zaidi alilete, na aseme mzee huyo ni nani. Amepewa siku saba. Siwatu alikaa chini na karatasi ile mapajani. Hakuwa akiufikiria ukindu wala mikeka. Alikuwa akiifikiria asubuhi ya siku ya nane, atakaponyanyua chane kwa mti, afungue mdomo, itoke pumzi tupu, na mzee wa kwenye kigoda asigeuke.

Basi akaanza kumuuliza baba yake. Nani mwingine angejua? Alitoa chane, akataja, baba akaja, na kabla hata hajajinyoosha Siwatu akamkabili: "Baba, mzee mwenye hii damu ni nani?"

Siku ya kwanza Mzee Kombo alijibu hivi, akiangalia moto:

"Alikuwa mfalme. Mfalme mzee. Wakamchoka. Wakamwambia, bwana mkubwa, lala kidogo, umechoka. Akalala. Juu ya mkeka mpya. Walipomaliza hawakuweza kuufua, kila wakiufua doa linazidi kukolea, wakaogopa, wakasema, tuwaambie watu ndivyo ulivyosukwa. Wakaagiza mikeka mingine ya rangi ile ile, nyumba kwa nyumba, ili ule mmoja usionekane. Ndiyo hiyo. Au nimeisikia ya nchi nyingine."

Siku ya pili:

"Mfalme? Mfalme gani, nani amekwambia? Alikuwa mtia rangi, mtu mdogo tu, macho yamepungua. Anachanja gome, shoka likateleza. Hakulia. Akaufunga mkono kwa kanga ya mkewe, akaendelea. Jioni mkewe akasema, mbona leo imekolea. Akasema, leo nimesahau kitu ndani."

Siku ya tatu alikaa kimya mpaka chane zikaanza kukakamaa, kisha akasema, "Ni mimi," na Siwatu alipomsogelea amshike aseme zaidi, alikuwa ameshapita.

Siku ya nne alisema hajui. "Nililikuta, mwanangu. Mama aliliita hivyo, na mama yake. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tunachovya." Kisha akamtazama sana. "Mbona siku hizi ukiniona unaniuliza tu? Hunipi hata habari za nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma Siwatu, na alijua kwamba ni kweli. Dakika zake chache na baba alikuwa amezigeuza kituo cha polisi. Lakini hofu ikiingia ndani ya mtu haimpi nafasi ya kuona haya, basi siku ya tano akauliza tena, na ya sita, na ya saba, na mzee akajibu kila alichoweza kwa ajili ya kumridhisha. Alisema ni damu ya kima mzee. Alisema ni damu ya mti. Mwishowe alisema, "Wewe unataka iwe ya nani? Nitasema hiyo hiyo."

Siku ya nane Siwatu alimvisha baba yake kanzu safi, akamshika mkono, wakaenda. Alikuwa hana jibu. Alikuwa na kicha kimoja cha chane kavu za damu ya mzee, na mzee. Njia ya kwenda Nyumba ya Asili ilikuwa ndefu kwa wenye hofu na fupi kwa wenye mamlaka, kwa hiyo walitoka alfajiri na kufika jua limeshapanda. Njiani Mzee Kombo alikuwa na miaka ishirini tena, na shati lake amelipata.

"Wewe ni wa upande wa bibi harusi?" alimuuliza Siwatu.

"Ndiyo," alisema Siwatu.

"Mwambie asihangaike na nywele. Mimi namtaka alivyo." Akatembea hatua chache, akacheka peke yake. "Lakini usimwambie nimesema hivyo."

Bibi harusi huyo alikuwa mama yake Siwatu, na alikuwa amekufa zamani, na nywele zilikuwa kweli zikimpa taabu. Siwatu aliahidi kwamba hatamwambia.

Nyumba ya Asili ilikuwa ukumbi mweupe, mtupu, wenye dirisha moja refu. Ndani walikuwamo watu wawili. Mmoja alikuwa karani, Bwana Faki, mtu mnene mwenye mwandiko mzuri na pumzi fupi. Wa pili alikuwa Bi Hidaya, Mdadisi, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani na kukaa wima, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyauliza maneno maswali na hakuna lililowahi kumuuliza yeye. Alisimama akamwamkia Mzee Kombo kwa adabu, na mzee akaitikia kwa adabu vilevile, akaonyeshwa kiti.

"Dada Siwatu," alisema Bi Hidaya. "Neno lako linataja damu, na linataja mzee. Mzee huyo ni nani?"

Siwatu alikuwa amepanga kueleza habari za mfalme. Ilikuwa hadithi nzuri, ina kifo ndani, na Nyumba ya Asili ilipenda vifo. Lakini alipofungua mdomo, mkono wake ulikuwa bado umeshika ule wa baba yake, na alichokisema ni, "Ni huyu."

Bwana Faki akaacha kuandika. Bi Hidaya akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huyu baba yako?"

"Mwenyewe aliniambia. Siku ya tatu."

"Nyumba hii haiamini maneno, dada yangu. Ndiyo maana inayakusanya." Hakusema kwa ukali. "Kama damu ni yake, tutailinganisha. Unakubali?"

Siwatu akakubali, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kukubali. Bwana Faki akaleta sindano na chane moja nyeupe ya ukindu, isiyotiwa rangi. Bi Hidaya mwenyewe ndiye aliyekishika kidole gumba cha mzee, akasema, "Samahani, mzee wangu," akachoma kidogo. Tone likatoka. Akalipakaza kwenye chane ile nyeupe, urefu wa kucha mbili. Kisha, kama utaratibu wa kumbukumbu ulivyotaka, Bwana Faki akainyanyua chane juu na kutamka kwa sauti ya kusikika kitu kinachochunguzwa:

"Damu ya mzee."

"Siwatu," alisema Mzee Kombo. "Mbona umenileta kwa watu nina kidole kinachuruzika?"

Siwatu hakugeuka upesi. Aliogopa kwamba akigeuka upesi itavunjika. Hakuwa amelifikiria hili. Hakuna mafiga hapa wala sufuria, lakini kulikuwa na ukindu, kulikuwa na kitu kibichi juu yake, na jina limetajwa. Mikononi mwa Bwana Faki ilikuwapo chane ndogo, na juu ya chane hiyo ulikuwapo muda wote alionao.

Bi Hidaya alikuwa ameshazilaza chane mbili mezani, ile ya Siwatu iliyo kavu na ile ya damu. Hazikufanana hata kidogo. Damu ya mzee yule ilikuwa nyekundu ya kung'aa, changa, ya mtoto aliyeanguka akicheza. Ya Siwatu ilikuwa nzito na tulivu, ina giza ndani.

"Hazifanani," alisema Bi Hidaya, na Bwana Faki akauvuta muhuri.

"Subirini," alisema Siwatu.

Sauti ilimtoka kabla hajaamua. Ni mkono wa kazi uliosema, mkono uliozoea kumzuia mnunuzi asiye na subira. "Hakuna mtia rangi anayesoma rangi ikiwa mbichi. Rangi mbichi inadanganya. Unaianika, unaiacha ikauke, ndipo unajua umetoa nini. Mkiipigia muhuri sasa mtakuwa mmepiga muhuri maji."

Bi Hidaya akasema kwamba hilo ni sawa, neno huhukumiwa kwa desturi ya wanaolitumia. Bwana Faki akaichukua chane akaelekea dirishani, ambako jua lilikuwa linaingia kwa nguvu, ili ikauke upesi waende wakale.

"Siyo juani," alisema Siwatu. "Jua linaipausha. Kivulini."

Na hapo ndipo alipoyasikia aliyoyasema. Ikikauka, neno limepona, na asubuhi zake zote zijazo zimepona nalo. Ikikauka, baba yake anaondoka. Alikuwa ameomba kwa mdomo wake kitu kile kile alichokuwa akikichukia kila siku anaposimama chini ya kamba ya kuanikia, akizigusa chane kwa ncha ya kidole, akiziomba zibaki mbichi. Kivuli alichokiomba kilikuwa haki ya rangi, mtia rangi yeyote angekitaka. Kilikuwa pia kinamwongezea muda kidogo, na hakujua ni kwa ajili ya lipi amekitaka zaidi. Hata leo hajui.

Bi Hidaya hakuwa mjinga. Alimwangalia mzee aliyeingia akiwa bwana harusi na sasa amekaa mbele akiwa baba wa mtu. Akainuka, akakichukua kiti chake, akakiweka mbele ya dirisha na kukaa, mgongo wake mpana ukilikinga jua. Kivuli chake kikaifunika meza, ambapo Bwana Faki aliirudisha chane. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na alitaka kulinganisha sawasawa, akachoma kidole chake mwenyewe pia, akapakaza chane ya pili, akailaza kando ya ya kwanza. Hakuitajia jina.

"Leo huulizi?" alisema Mzee Kombo.

"Leo siulizi, baba." Siwatu alivuta kiti akakaa magoti yao yakigusana. "Paa la jikoni nimeliziba. Bi Mgeni ameacha kuoka. Yule paka mweupe wa mlangoni amezaa watatu, na mmoja ana doa jeusi puani, kila anayemwona anadhani amechovya wino."

"Afadhali," alisema mzee. Alikuwa akimaanisha paa. Habari zilimwingia moja moja na akazipokea zote, na alipouliza kama ukindu bado unaletwa na yule mtu mwongo, Siwatu akasema amekufa, sasa analeta mwanawe, naye ni mwongo lakini hachanganyi majani makavu.

Chane ya damu ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao wake pembeni.

"Baba," alisema Siwatu. "Ukienda, unakwenda wapi?"

Mzee Kombo alifikiri. Hakuwahi kuulizwa hilo.

"Si kubaya," alisema. "Ni kama kukaa nyumba ya watu wema usiowajua. Hakuna anayekufukuza. Kuna mwanamke mmoja ananiletea uji. Hauleti wa moto sana. Ananinyoosha kola. Mara nyingine ananitazama kama nimemchukulia kitu, na mimi natafuta mifukoni, nakikosa. Ningekiona ningemrudishia."

Machozi yalimtoka Siwatu na hakuyafuta.

"Ni mimi huyo, baba."

"Najua sasa. Nikiwa huko sijui." Akamshika kichwa kwa kile kiganja chenye kidole kilichochomwa. "Lakini nikwambie jambo, mama. Nikiwa huko nampenda sana. Simjui jina, nampenda hivyo hivyo. Ila naona kama yeye hajakaa. Yuko mlangoni kila siku, anamsubiri mtu mwingine."

Bwana Faki akaiinamia karatasi yake tupu, akawa anaikagua kwa bidii. Bi Hidaya aliigusa chane kwa ncha ya kidole. "Bado," alisema, ingawa nadhani ilikuwa imebaki kidogo mno. Wakakaa hivyo. Mzee akasema nyekundu ile haitaki haraka hata kidogo, akasema gome la mti mkongwe ni bora kuliko la mti mchanga ila linataka maji mengi, akasema mama yake alikuwa akiionja kwa ulimi. Akaanza kusema juu ya mama yake, akaanza tena, akaacha. Kiganja chake kikabaki juu ya kichwa cha Siwatu kwa muda, kisha kikashuka polepole, kama mtu anayegundua kwamba amemgusa asiyemjua na hataki kumkosea.

"Imekauka," alisema Bi Hidaya kwa sauti ya chini.

Zilikuwa tatu mezani sasa: ya Siwatu, ya mzee, na ya Mdadisi mwenyewe. Zilikuwa rangi moja. Bwana Faki alizibeba mpaka mlangoni akazitazama, akarudi, akasema hawezi kujua ipi ni ipi, na kwamba hakuziwekea alama.

"Basi damu ni ya baba yako," alisema Bi Hidaya. "Na ni yangu. Mimi si mzee na si mwanamume. Nikichoma kidole cha karani huyu itakuwa yake pia." Akautazama muhuri. "Hata kidole cha Mtukufu."

Bwana Faki akakohoa. Kalamu yake ilikuwa hewani.

"Neno hili lina mwenyewe," alisema Bi Hidaya, "na wenyewe ni wengi mno liitwe yatima. Lakini lazima niandike asili. Dada Siwatu, niandike nini? Mzee huyo ni nani?"

Siwatu alikuwa anazitazama chane tatu. Alikumbuka saa alizozihesabu kama hasara, mgongo aliokipa kigoda kila asubuhi.

"Andika ni yeyote aliyesubiriwa," alisema.

Bwana Faki akaandika hivyo, kwa mwandiko wake mzuri, na wino ukashika.

Nje jua lilikuwa limeanza kulegea, na njia ilikuwa fupi kuliko asubuhi. Mzee Kombo alitembea kando yake bila kushikwa mkono. Siwatu hakujua ana umri gani sasa. Hakuwa bwana harusi, hakuwa mtoto, alikuwa mtu mzima aliyetulia, mwenye kazi yake. Kwa mara ya kwanza hakupiga hesabu ya saa zilizobaki mpaka asubuhi. Alikuwa anamtazama jinsi anavyotembea, mguu wa kulia ukitangulia kidogo.

"Binti," alisema mzee, akikionyesha kwa kidole kile kicha cha ukindu mwekundu alichokuwa amekibeba Siwatu. "Hiyo umeitia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akakichukua, akakigeuza, akakipeleka karibu na macho. "Si mbaya. Hapa umeutoa mapema. Nani anakufundisha?"

Siwatu alimtazama uso wake wa upole, usiomjua. Angeweza kusema baba yangu. Ingekuwa kweli, na ingemfanya mzee yule aanze tena kutafuta mifukoni.

"Sina mtu," alisema.

"Basi njoo kwangu kesho," alisema mzee. "Ulizia kwa Kombo, watakuonyesha. Na usiogope kuharibu, mimi mwenyewe nimeharibu sana."

Siwatu akamwambia kwamba atakuja, na kwamba atakuja mapema.